Pia ya goti inayohama mara kwa mara: hatua za kuelekea upasuaji na kupona vizuri

"Pia ya goti langu imehama tena, sasa ni mara ya nne. Nipasuliwe?" Likishajibiwa hilo linakuja la pili: "Upasuaji wenyewe ni upi?" La tatu mara nyingi huwa la mama aliyemleta binti yake wa kidato cha pili: "Akishapasuliwa, ataweza kuchuchumaa?"

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, Dar es Salaam, na maswali haya huja kwa mpangilio huohuo kila mara. Nimeyajibu hapa hatua kwa hatua ili uyasome nyumbani umetulia, maana kliniki yenye foleni si mahali pa kuelewa mambo ya mifupa. Maelezo haya hayachukui nafasi ya daktari bingwa wa mifupa. Kazi yake ni kukufanya uingie chumbani kwake ukijua cha kuuliza.

Mwongozo unamhusu mtu ambaye pia yake imehama mara mbili au zaidi. Ambao pia yao imehama mara moja tu, wengi hutibiwa bila kisu: goti hupumzishwa kwa muda mfupi, kisha mazoezi. Isipokuwa pale kipande cha mfupa au gegedu (utando laini unaofunika ncha za mifupa) kimebanduka na kinaelea ndani ya goti. Hapo upasuaji unaweza kuhitajika hata mara ya kwanza, na kuchelewa hakusaidii.

Kinachotokea, kwa maneno machache

Pia hukaa mbele ya goti na kuteleza ndani ya mfereji ulio mwisho wa mfupa wa paja. Goti likiwa limenyooka, pia iko juu ya mfereji, haijaingia. Huingia barabara goti likishakunjwa nyuzi 20 hadi 30. Kabla haijaingia, mlinzi wake mkuu ni ligamenti (kamba inayounganisha mfupa na mfupa) moja nyembamba ya upande wa ndani wa goti. Kwenye ripoti utaiona kwa herufi MPFL. Pia inapohama, karibu kila mara hukimbilia upande wa nje, na ligamenti hiyo huchanika au kuvutika. Ikipona ikiwa imelegea, mara ya pili huhitaji hata kuanguka. Kugeuka ghafla jikoni kunatosha.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Daftari dogo lenye tarehe za kila mara pia ilipohama, ulikuwa unafanya nini, na kama ilirudi yenyewe au ilirudishwa. "Mara nyingi sana, daktari" haimsaidii mtu kuamua.
- Picha zote za zamani, yaani filamu zenyewe au CD. Karatasi ya majibu peke yake haitoshi, kwa sababu daktari wa upasuaji hupima mwenyewe kwenye picha.
- Orodha ya dawa zako zote, pamoja na vidonge vya uzazi wa mpango, dawa za kuzuia damu kuganda na dawa za kienyeji. Usione aibu kuzitaja hizo za mwisho. Baadhi huongeza kutoka damu.
- Taarifa ya selimundu, kisukari, pumu na mzio wa dawa. Selimundu ni ya lazima kusema, kwa sababu wakati wa upasuaji wa goti paja hufungwa mkanda wa kuzuia damu, na mwenye selimundu hupangiwa tofauti.
- Jibu la bima yako kwa maandishi. Uliza kama inalipia skrubu na vifaa vinavyobaki mwilini, na kama inalipia fiziotherapia ya baadaye. Wengi huuliza la kwanza na kusahau la pili.
- Magongo mawili ya urefu wako. Ukisimama wima, vidole viwili au vitatu vipite kati ya gongo na kwapa, na mshikio uwe usawa wa kifundo cha mkono.
- Mtu mzima wa kukaa nawe angalau wiki mbili za mwanzo.
- Kaptura pana au gauni. Suruali ya jinzi haitapita juu ya bandeji.
- Nafasi kwenye kalenda: kama wiki sita za kazi nyepesi au likizo, na si chini ya miezi sita bila mpira wa ushindani. Mwanafunzi wa mwaka wa mtihani apange tarehe kwa kuangalia ratiba ya mtihani.

Hatua ya 1: Hakikisha kinachohama ni pia

"Goti linachomoka" ni maneno ya watu wa aina nyingi. Aliyechanika ligamenti kubwa ya katikati ya goti husema hivyohivyo, na aliyechanika gegedu vilevile. Dalili za pia ni hizi: uvimbe mgumu unaonekana upande wa nje wa goti, goti limebaki limekunjika na halitaki kunyooka, na baada ya kurudi goti linajaa ndani ya saa chache.

Daktari atakulaza, atakunja goti kidogo na kuisukuma pia taratibu kuelekea nje. Ukimdaka mkono kabla hata haijauma, amepata jibu lake. Kisha atakukalisha na kukuambia unyooshe goti huku akiitazama pia inavyosafiri. Yenye tatizo kubwa huruka kando mwishoni. Atajaribu vidole gumba, viwiko na mgongo wako kuona kama viungo vyako vyote ni laini kupita kawaida. Hilo lina uzito kwenye uamuzi.

*Onyo.* Pia ikihama, usikubali kuchuliwa wala kukandwa kwa maji ya moto, na asitokee shabiki wa uwanjani wa kuivuta kwa nguvu. Kaa, legeza paja, kisha mtu akunyooshe goti polepole huku akiibembeleza pia irudi ndani. Mara nyingi inarudi. Ikikataa, fungwa mguu ulivyo uende hospitali. Na kama goti zima limekaa vibaya, mguu wa chini ni wa baridi au umekufa ganzi, hiyo si pia. Ni kiungo chenyewe cha goti kimeteguka, mshipa mkubwa wa damu uko hatarini, na hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo.

Hatua ya 2: Piga picha zinazojibu swali

X-ray za kawaida ziwe tatu: ya mbele, ya ubavuni goti likiwa limekunjwa kama nyuzi 30, na ile inayopigwa goti likiwa limekunjwa mionzi ikipita sambamba na pia, ili mfereji uonekane. Hii ya tatu ndiyo inayosahaulika. Mgonjwa anakuja na picha mbili nzuri kabisa ambazo haziwezi kuonyesha kama pia imekaa kando. Uliza kwa adabu kabla hujaondoka chumba cha picha.

MRI huonyesha gegedu, vipande vinavyoelea na ligamenti yenyewe. CT hupima vizuri zaidi umbali utakaosoma kwenye hatua inayofuata. Mwenye matege ya kuingia ndani, yaani magoti yanagusana visigino vikiachana, apigwe picha ndefu ya miguu yote miwili amesimama. MRI haipo kila hospitali, kwa hiyo anayetoka mbali apange safari moja ya kliniki, picha na majibu.

Hatua ya 3: Uliza vipimo vinne, uviandike

Mwaka 1994, Henri Dejour na wenzake wa Lyon, Ufaransa, walichapisha kazi iliyopanga sababu kuu za pia kuhama katika mambo manne. Mpaka leo madaktari wa goti huanzia hapo, na wewe ukiyajua yatakulinda.

- Umbo la mfereji. Uko na kina, ni wa bapa, au umevimba katikati? Huandikwa kwa herufi A hadi D.
- Kimo cha pia. Hupimwa kwa uwiano unaoitwa Caton-Deschamps. Ukizidi 1.2, pia imekaa juu mno na inachelewa kuingia mferejini.
- Umbali kati ya kina cha mfereji na kinundu cha muundi, yaani ule mfupa unaoushika mbele chini ya goti. Kwenye ripoti ni TT-TG. Kwa CT, kufika milimita 20 au zaidi ni nyingi. MRI kwa kawaida hutoa namba ndogo kuliko CT, kwa hiyo uliza imepimwa kwa nini.
- Mwinamo wa pia. Ukizidi nyuzi 20, pia imelalia upande wa nje.

Juu ya hayo manne kuna matege, paja lililojipinda kwa ndani, viungo laini na umri mdogo. Ukitoka kliniki bila namba hata moja kwenye daftari, bado hujafika hatua ya kuchagua upasuaji.

Hatua ya 4: Linganisha upasuaji na sababu

Hapa ndipo penye kazi. Hakuna kitu kimoja kinachoitwa "upasuaji wa pia." Kuna kadhaa, mara nyingine miwili hufanywa kwa pamoja, na kila mmoja unajibu kasoro yake. Mtu akikuambia "tutakukaza tu" bila kutaja sababu, muulize tena.

*Kutengeneza upya ligamenti ya ndani.* Huu ndio unaofanywa zaidi. Daktari huchukua kano (kamba inayounganisha msuli na mfupa) nyembamba ya nyuma ya paja lako mwenyewe, mara nyingi ile inayoitwa grasilisi, na kuifunga kati ya ukingo wa ndani wa pia na mfupa wa paja. Usihofu kupoteza kano hiyo. Wenzake hufidia, na kwa uimara inaishinda ligamenti ya asili. Unamfaa mtu ambaye mfereji wake si mbaya sana, pia haiko juu mno na umbali wa TT-TG haujapitiliza.

Ugumu wake uko kwenye sehemu moja: mahali kano inapofungwa kwenye paja. Fikiria kamba ya mbuzi. Kigingi kikikaa mahali pake, mbuzi anakula bila kufika kwenye mahindi. Kikihamishwa hatua chache, kamba itamnyonga upande mmoja na kulegea upande wa pili. Goti nalo ndivyo. Kano iliyofungwa juu mno hukaza kila unapokunja, na mgonjwa hubaki na maumivu na goti lisilofika mwisho. Mwaka 2007 Schöttle na wenzake walieleza namna ya kulipata eneo hilo kwa picha ya X-ray ya ubavuni, na ndiyo maana swali langu la kwanza kwa hospitali huwa kama thieta yao ina X-ray ya kutumia upasuaji ukiendelea. Kano haitakiwi kuvutwa ivute pia. Inatakiwa kuizuia tu.

*Kuhamisha kinundu cha muundi.* Kama TT-TG ni kubwa, kano mpya peke yake itakuwa inashindana kila siku na mvuto wa kwenda nje. Daktari hukata kipande cha mfupa pale kano ya pia inaposhika, chenye urefu wa kama sentimita 5 hadi 7, anakisogeza ndani na kukifunga kwa skrubu, mara nyingi mbili. Pia ikiwa juu mno, kipande huteremshwa chini vilevile. Huu ni mfupa uliokatwa, kwa hiyo kupona kwake ni kwa ratiba ya mfupa: wiki sita hadi nane za kutoukanyagia kwa uzito wote, hadi X-ray ionyeshe umeshika. Mvutaji wa sigara aache kabla. Mfupa wake huunga taratibu.

*Kuchonga mfereji.* Mfereji uliovimba au wa bapa kabisa unaweza kuchimbwa upya kwa kuinua gegedu na kuondoa mfupa chini yake. Ni kazi nzito, madaktari wanaoifanya ni wachache, na haimfai mwenye goti lililoanza kusagika wala mtoto anayekua. Ukiambiwa unahitaji huu, tafuta maoni ya daktari wa pili. Hakuna daktari mzuri atakayechukia.

*Kunyoosha mguu.* Kama chanzo ni matege makubwa au paja lililojipinda, mfupa wenyewe hukatwa na kunyooshwa. Kwa mtoto anayekua matege yanaweza kurekebishwa kwa kibati kidogo upande wa ndani wa goti, kinachozuia upande huo usikue ili mwingine uufikie. Kibati hutolewa mguu ukishanyooka, na asiporudi kliniki kwa wakati mguu utapinda upande wa pili.

*Kukata ukanda wa nje peke yake.* Ni kukata utando unaoishika pia upande wa nje. Zamani ulifanywa sana kwa sababu ni mfupi na mwepesi. Kwa pia inayohama, ukifanywa peke yake si tiba, na unaweza kuifanya pia iyumbe hata kuelekea ndani. Kama nyongeza ndogo ya upasuaji mwingine, sawa. Peke yake, hapana. Hapo sina lugha ya kulainisha.

*Kwa mzazi.* Wanaopatwa zaidi na tatizo hili ni vijana wa miaka 10 hadi 17, na wengi wao mifupa bado inakua. Kinundu cha muundi hakikatwi kabla ukuaji haujafunga, kwa sababu goti linaweza kuanza kupindia nyuma. Ligamenti inaweza kutengenezwa, mradi daktari akwepe mstari wa ukuaji ulio jirani kabisa na mahali pa kufungia. Uliza wazi: "Mstari wa ukuaji wa mwanangu umefunga? Utaukwepaje?"

Kwa Tanzania, pa kuanzia ni hospitali zenye mabingwa wengi wa mifupa: Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), KCMC Moshi, Bugando Mwanza. Kwa Kenya, Kenyatta na Kijabe. Lakini bingwa wa mifupa anayeshinda na mapaja yaliyovunjwa na bodaboda si lazima awe mtu wa pia. Muulize anafanya upasuaji huu mara ngapi kwa mwaka, na nani atasimamia mazoezi yako baadaye.

Tarajia kitu halisi. Upasuaji uliolingana na sababu huzuia pia kuhama kwa watu wengi sana. Hauondoi kwa uhakika maumivu ya gegedu lililokwisha kusagika. Kama malalamiko yako ni maumivu ya kupanda ngazi na pia haihami, huu si upasuaji wako.

Hatua ya 5: Andaa mguu, kisha nyumba

Paja lililosinyaa kabla ya upasuaji litasinyaa mara mbili baada yake. Anza mazoezi wiki kadhaa mapema.

Kaa sakafuni au kitandani, mguu umenyooka, taulo lililokunjwa chini ya goti. Likandamize taulo kwa goti, vidole vya mguu vikitazama dari. Iangalie pia: inatakiwa ipande kidogo kuelekea nyonga na nyama ya ndani juu ya goti ikaze. Shikilia kwa sekunde tano, achia, rudia mara kumi, mafungu kadhaa kwa siku. Watu wengi hukaza makalio na kudhani wamefanya. Weka kiganja juu ya paja ujipime. Jifunze na kutembea kwa magongo kabla, na ngazi: mguu mzima hupanda kwanza, mguu mbovu hushuka kwanza.

Nyumbani, tatizo la kwanza ni choo. Cha kuchuchumaa hakitawezekana kwa miezi. Fundi anaweza kutoboa kiti cha plastiki chenye miguu imara, au nunua kiti cha choo cha kubebeka. Weka mpira wa kuzuia kuteleza bafuni, ondoa mikeka njiani, na hamia chumba cha chini kama mnakaa ghorofani. Godoro la sakafuni liinuliwe.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Chakula huzuiwa angalau saa sita kabla, na maji matupu saa mbili kabla. Hospitali nyingi hurahisisha kwa kusema usile kuanzia saa sita usiku. Fuata ya kwao. Usinyoe goti mwenyewe kwa wembe, mikwaruzo ni mlango wa vijidudu. Hakikisha mguu sahihi umewekwa alama ya kalamu ukiwa bado macho, na fomu ya ridhaa inataja aina ya upasuaji mliyokubaliana.

Dawa itakuwa nusu kaputi au ganzi ya mgongoni. Ganzi ya mgongoni ni salama na ya kawaida kwa upasuaji wa mguu. Utasikia sauti, hutasikia maumivu.

Hatua ya 7: Wiki mbili za mwanzo

Kazi ni tatu: kupunguza uvimbe, kuamsha paja, kunyoosha goti.

1. Inua mguu juu ya usawa wa moyo. Mto uwe chini ya kisigino na shavu la mguu, *usiwe chini ya goti*. Hili ndilo kosa ninaloliona kuliko yote. Mto chini ya goti unastarehesha, na ndani ya siku chache goti linazoea kukaa limekunjika.
2. Barafu iliyofungwa kitambaani, dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku.
3. Pandisha na shusha nyayo kila saa ukiwa macho, kuzuia damu kuganda kwenye mishipa.
4. Rudi kwenye zoezi la taulo siku ya kwanza. Paja litakuwa kama si lako. Unaliamuru na halijibu. Ni kawaida, uvimbe unalizima. Endelea.
5. Tembea kwa magongo na bresi (kifaa cha kushikilia goti) iliyofungwa goti likiwa limenyooka. Waliotengenezewa ligamenti pekee mara nyingi huruhusiwa kukanyaga kadiri wanavyoweza. Waliokatwa mfupa hugusisha tu, kwa maelekezo ya daktari.
6. Kidonda kikae kikavu hadi nyuzi za kushonea zitolewe, kwa kawaida siku ya 10 hadi 14.

Meza dawa za maumivu kwa saa zake, kabla maumivu hayajapanda. Mwenye vidonda vya tumbo aseme kabla ya kupewa diklofenaki. Kwa Waislamu, sala iswaliwe ukiwa umeketi kwenye kiti.

Hatua ya 8: Wiki ya pili hadi ya sita

Sasa kunja. Lala chali, telezesha kisigino kuelekea makalio juu ya mfuko wa plastiki au soksi ili kisikwame. Malengo hutofautiana kwa daktari na daktari, lakini kwa ligamenti pekee wengi hutaka nyuzi 90, yaani pembe mraba, kufikia wiki ya nne au ya sita. Goti linalowekwa kwenye hogo wiki sita "lipone vizuri" linatoka gumu, na kulilegeza ni kazi ya miezi.

Usivue bresi kwa sababu umechoka nayo. Kipimo ni hiki: lala, nyanyua mguu mzima ukiwa umenyooka. Kisigino kikipanda huku goti likibaki nyuma limelegea, paja bado halijaweza kukubeba, na ukivua utaanguka. Goti na kisigino vikipanda pamoja, ongea na mtaalamu wako kuhusu kuvua.

*Onyo kwa waliohamishwa kinundu:* maumivu huisha kabla mfupa haujashika. Ndiyo hatari yake. Kuna watu huacha magongo wiki ya nne kwa sababu hawasikii kitu, na muundi unavunjika pale ulipokatwa. Subiri X-ray.

Hatua ya 9: Wiki ya sita hadi mwezi wa tatu

Magongo yanaondoka (kwa waliokatwa mfupa, X-ray ikishaonyesha umeshika). Baiskeli ya kukaa, kuketi na kuinuka kwenye kiti, ngazi, kusimama mguu mmoja. Ongeza mazoezi ya nyonga, kwa sababu goti linaloangukia ndani kila unapokanyaga huisukuma pia nje. Simama mbele ya kioo, kunja goti kidogo, tazama: liende usawa wa kidole cha pili cha mguu.

Gari, kama ni mguu wa kulia, ni baada ya kuacha magongo na kuweza kukanyaga breki kwa nguvu ghafla. Bodaboda ya abiria wa kukaa upande iache kabisa kipindi hiki. Daladala ya kusimama nayo ngoja.

Hatua ya 10: Kurudi uwanjani

Kukimbia mstari mnyoofu huanza karibu mwezi wa tatu au wa nne, mfupa ukiwa umeunga na goti halijai maji baada ya mazoezi. Mpira, netiboli na densi ya kugeukageuka ni kuanzia mwezi wa sita, wengine wa tisa. Usihesabu miezi peke yake. Nguvu ya paja ifike angalau asilimia 90 ya mguu mwingine, uruke kwa mguu mmoja bila kuyumba, na uweze kugeuka bila kusita. Kuchuchumaa kwa kina wengi hurudia baada ya miezi minne au zaidi, kwa ruhusa na kwa hatua, wakianza kwa kushika nguzo.

Mambo yakikwama

*Goti limejaa tena baada ya mazoezi.* Umezidisha. Punguza nusu kwa siku mbili, barafu, kisha panda taratibu. Likijaa bila sababu au likiwa la moto, rudi kliniki.

*Kidonda kinatoa usaha, kimewiva, nina homa.* Leo hiihii hospitali. Usinunue antibayotiki dukani; itaficha tatizo bila kulitibu.

*Shavu la mguu limevimba, linauma nikilibonyeza.* Inaweza kuwa damu iliyoganda. Usichue. Nenda upimwe. Ukianza kukosa pumzi au kifua kuchoma, ni dharura.

*Wiki sita zimepita, sijafika nyuzi 90.* Mwambie daktari sasa. Mapema hurekebishika kwa mazoezi. Likichelewa litahitaji kukunjwa chini ya nusu kaputi, wakati mwingine kukata makovu kwa kamera. Kama linagoma palepale kila siku na linauma upande wa ndani, uliza kama kano imefungwa mahali pake.

*Ngozi pembeni ya kovu haina hisia.* Vijishipa vidogo vya fahamu hukatwa wakati wa kuchukua kano. Eneo husinyaa kadiri miezi inavyokwenda, huenda kasehemu kakabaki. Haiathiri nguvu.

*Najisikia kama itahama, ila haihami.* Hofu ya muda mrefu haiondoki siku nyuzi za kidonda zinapotolewa. Mara nyingi paja bado ni dhaifu. Pima nguvu kwanza, kisha rudia miondoko ile ile unayoiogopa, polepole, mbele ya mtaalamu. Ikihama kweli, rudi na picha mpya na zile namba nne, maana huenda kuna sababu iliyoachwa.

*Skrubu zinaniuma nikipiga magoti.* Ni kawaida kwa waliohamishwa kinundu, kwa sababu vichwa vya skrubu viko chini ya ngozi tu. Weka mto laini kwanza. Zikiendelea kusumbua, hutolewa mfupa ukishaunga kabisa, kwa kawaida baada ya kama mwaka mmoja, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo.